Aesop, Phaedrus na Yaya Wetu



Nimeombwa niwasimulie vijana habari za ngano za Wayunani. Aesop, asema Herodotus, alikuwa mtumwa wa Iadmon, mtu wa kisiwa cha Samos. Aliyezitia ngano zake katika mashairi ya Kilatini, karne ya kwanza, ni Phaedrus, naye mtumwa aliyeachwa huru na Kaisari Augusto. Ndiye aliyeeleza sababu ya ngano kuzuka: mtumwa, kwa kuchelea adhabu, hakuthubutu kunena la moyoni, basi akamsemesha mbwa mwitu na mwana-kondoo.

Niliposoma hayo nilimkumbuka yaya aliyetulaza kwa hadithi za sungura na fisi kule Unguja. Mama yake alizaliwa utumwani, katika nyumba ya babu yetu. (Sisi tulicheka tu fisi alipoaibishwa.) Jina lake halimo katika shajara ya ukoo tuliyogawiwa asubuhi hii. Nami nilinyonya kwake. Kwa sheria yetu ni mama yangu.

Ndugu Katibu, nafasi ipo ukurasani. Naomba aandikwe kabla hatujatawanyika.