Mama Karanga na Bei ya Fungu

Mazungumzo kwa wanachama wa BMU na wakazi wa pwani ya Kwale



Chombo kikiingia Gazi au Vanga asubuhi, watu wawili huwa wanakisubiri ufuoni. Mmoja ana mzani na barafu, mwingine ana beseni. Mwenye mzani ni tajiri, na mara nyingi ndiye aliyetoa nyavu au pesa za petroli, kwa hiyo samaki wake wameshauzwa hata kabla ya kuvuliwa. Changu, tewa na pweza wakubwa huenda kwake, kisha Mombasa na mahoteli ya Diani. Mwenye beseni ni mama karanga. Yeye hupata waliobaki: tafi wadogo, pono, mchanganyiko wa kila aina, tena kwa fungu, si kwa kilo.

Fungu likishalipiwa ndipo kazi inapoanza. Kuna kupara, kutia chumvi, kukaanga na kuzunguka vijijini na beseni kichwani. Mafuta ya kupikia yakipanda dukani, bei ya kipande haipandi kirahisi, kwa maana mnunuzi wake ni jirani mwenye shilingi chache. Friza hana. Wasipoisha leo, kesho anawarudisha karaini na mafuta mengine, na faida yote imeishia humo. Msimu wa kusi ukichafua bahari, vyombo vidogo havivuki mwamba, samaki huadimika, na hata wale wadogo tajiri huwataka. Hapo mama karanga hurudi nyumbani na beseni tupu, na nyumba nyingi zisizomudu nyama hukosa kitoweo siku hiyo.

Suala la juya ni gumu zaidi, na si vizuri kulipitia haraka. Serikali ilipiga marufuku zana hiyo mwaka 2001 kwa sababu hukwangua nyasi za bahari na kuzoa samaki wachanga. Sababu hizo ni za kweli. Mvuvi yeyote wa mshipi anazijua. Lakini samaki wadogo wa juya ndio mali ya mama karanga. Utafiti uliofanywa Nyali, Mombasa, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kupunguza uvuvi kunaweza kunufaisha bahari na kuongeza faida ya uvuvi, huku wanawake wachuuzi wakipoteza riziki. Kwa hiyo kikao kinachojadili nyavu bila mama karanga kinajadili biashara yake akiwa hayupo.

Wala sheria haimwachi nje. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 inaitaja BMU kuwa shirika la wavuvi, wachuuzi wa samaki, wenye vyombo, wasindikaji na wadau wengine wa ufuo. Anayenunua na kukaanga ni mchuuzi na msindikaji kwa wakati mmoja. Katiba nayo, katika kifungu cha 27, inataka kusiwe na zaidi ya thuluthi mbili za jinsia moja katika nafasi za kuchaguliwa au kuteuliwa. Mara nyingi thuluthi hiyo hujazwa kwa kumpa mama kazi ya mweka hazina. (Anaaminiwa kuzihesabu pesa, kuamua zitumike wapi ni habari nyingine.) Tena kikao huitishwa saa zilezile ambazo karai liko motoni.

Kule Ziwa Victoria tofauti hii ya nguvu ilizaa jambo baya zaidi, lile linaloitwa jaboya, ambapo mchuuzi hudaiwa mwili wake ndipo auziwe samaki. Wanawake wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, walijibu kwa kutafuta mitumbwi yao wenyewe na kuajiri wavuvi. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliwarudisha nyuma sana, lakini walikuwa wameshaonyesha kwamba mwenye chombo hapangiwi masharti.

Hapa Kwale hatua ya kwanza haihitaji mtumbwi. Kila mama karanga na aulize bandarini kwake kama jina lake limo katika daftari la BMU, na kama halimo, aombe kuandikishwa. Viongozi nao waitishe vikao baada ya alasiri, beseni zikishateremshwa. Na katika kikao kijacho, kabla ya mambo ya injini na maboya, lijadiliwe hili: fungu lipimwe kwa mzani uleule wa tajiri, mbele ya watu wote.