Mkaa wa Mifupa Ukishashiba

Msikilizaji wa Nakuru, Njoro au Gilgil, floridi ya visima vyetu haiondoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua sufuriani, floridi huzidi kukolea. Kikomo cha floridi cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa kuwa kuchemsha hakusaidii, Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilieneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ila mkaa huo hushiba floridi, na ukishiba hausemi: maji hubaki safi machoni, ladha ile ile, huku meno ya mtoto yakiota na madoa ya kahawia. Kwa hivyo peleka maji yakapimwe, ubadilishe mkaa mapema. Ukishaweka mpya, pitisha maji uyamwage mpaka rangi ya manjano iishe. Hayo ya kwanza oshea gumboti.