Nani aamue kuwa kitu changu ni taka?

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Juma hili nataka tuupime msemo huo kwa jambo ambalo ukilisikia kwa mbali unaweza kucheka, lakini likimpata mtu hacheki. Ni ugomvi unaotokea Uingereza kati ya wananchi na halmashauri zao za miji, pale gari la taka linapopita asubuhi na kuondoka na kitu ambacho mwenyewe hakukitupa.

Jambo hili si la Waingereza peke yao. Tunao ndugu wengi wanaoishi huko. Mfikirie mama mmoja aliyefunga boksi la vitabu na nguo za watoto ili alitume Mombasa au Dar es Salaam kwa meli. Ameliweka nje ya mlango, karibu na mapipa, akimsubiri wakala wa mizigo. Kumbe siku hiyo ndiyo siku ya kuzoa karatasi. Wakala anapofika saa nne, boksi halipo.

Kule kila nyumba hupewa mapipa au vyombo vya rangi mbalimbali. Kimoja ni cha taka za kawaida, na kingine ni cha karatasi, chupa, makopo na plastiki zitakazotengenezwa upya. Rangi na taratibu hutofautiana kutoka halmashauri moja hadi nyingine. Zipo halmashauri zinazoruhusu maboksi ya ziada kuwekwa kando ya pipa, na wazoaji wake wamezoea kuchukua kilicho ndani ya pipa na kilicho pembeni yake. Gari lenyewe hushindilia mzigo papo hapo. Kutoka hapo mzigo hupelekwa kwenye kituo cha kuchambulia, ambako mikanda, sumaku na mikono ya wafanyakazi hutenganisha chuma, karatasi na plastiki. Kwa hiyo kitu kilichochukuliwa saa moja asubuhi, jioni huenda kimekwisha kuwa sehemu ya robota la karatasi.

Mwenye mali anapopiga simu, jibu analoweza kupewa ni kwamba kilichokusanywa ni mali ya halmashauri. Na jibu hilo halikutungwa na karani. Sheria ya Kulinda Mazingira ya mwaka 1990, katika kifungu cha 45, inasema kitu chochote kinachokusanywa na halmashauri chini ya utaratibu wa kifungu hicho kinakuwa mali yake. Wananchi wengi wakisikia hivyo hukata tamaa na kuweka simu chini.

Lakini ngojeni kidogo. Kifungu hicho kinahusu ukusanyaji wa taka. Na taka ni nini? Kwa sheria hiyo hiyo, taka ni kitu ambacho aliye nacho amekitupa, anakusudia kukitupa, au anatakiwa akitupe. Kinachotazamwa hapo ni nia na wajibu wa mwenye kitu. Jicho la dereva halikutajwa. Baiskeli iliyoegemezwa ukutani haigeuki kuwa taka kwa sababu tu pipa liko jirani. Tena ipo sheria ya mwaka 1977 inayohusu kuingilia mali ya mtu, na kwa kawaida anayechukua mali isiyo yake hawezi kuikwepa kwa kusema tu kwamba alidhani imetupwa.

Hata hivyo, tusiwaonee wazoa taka. Kazi yao ni ngumu, nyumba ni nyingi, na hawawezi kusoma mioyo ya watu. Aliyeacha boksi lililo wazi ukingoni mwa barabara siku ya karatasi amewapa sababu ya kukosea. Ndiyo maana ugomvi huu hauamuliwi kwa kelele. Unaamuliwa kwa maswali: kitu kilikuwa wapi, kilionekanaje, na halmashauri ilikuwa imetangaza nini kuhusu vitu vilivyowekwa kando ya pipa.

Kuna aina nyingine ya mkasa, nayo imekuja na mtindo wa kununua vitu kwa simu na kompyuta. Mleta mizigo anafika, hakuna mtu nyumbani, anakitumbukiza kifurushi ndani ya pipa la karatasi ili kisionekane na wezi. Kesho yake gari linapita. Hapo kuigombeza halmashauri ni kupiga mlango usio wenyewe. Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inasema bidhaa hubaki mikononi mwa hatari ya muuzaji mpaka imfikie mnunuzi, au mtu aliyetajwa na mnunuzi aipokee. Ikiwa mnunuzi hakuagiza kiwekwe pipani, adaiwe muuzaji.

Aina ya tatu ni pale kosa linapotoka ndani ya nyumba yenyewe. Mfano wake mkubwa ni ule wa Newport, huko Wales. Mwaka 2013 diski ya kompyuta ya mkazi mmoja, James Howells, ilipelekwa pamoja na takataka kwenye jaa la Docksway. Kwa maelezo yake, ilikuwa na ufunguo wa sarafu za bitcoin zipatazo 8,000. Kwa miaka mingi aliiomba halmashauri imruhusu kuchimba, nayo ikakataa. Alipokwenda mahakamani alidai pauni milioni 495. Januari 2025 jaji alitupilia mbali madai yake, akisema hayakuwa na matumaini ya kweli ya kushinda. Halmashauri ilikuwa imeshikilia kwamba kitu kikiingia jaani kinakuwa mali yake, na kwamba kibali chake cha mazingira hakiruhusu kulifukua jaa.

Wapo wanaoitumia kesi hiyo kuwatisha wengine: kama mwenye mamilioni ameshindwa, wewe na baiskeli yako ni nani? Hoja hiyo haisimami. Diski ile ilipelekwa jaani kutoka kwake mwenyewe, wala haikuchukuliwa kwa makosa mlangoni pake. Mtu aliyetupa na mtu aliyechukuliwa ni watu wawili tofauti.

Sasa aliyechukuliwa afanye nini? Kwanza, apige simu saa ileile, ataje mtaa na saa, na aulize gari litamwaga wapi. Pili, aandike barua siku hiyohiyo, akiambatanisha picha na risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, adai thamani halisi ya kitu kilivyokuwa siku kilipopotea, kwani adaiye bei ya kipya kwa kitu cha zamani hujivunjia heshima. Nne, asikubali kurushwa kama mpira kati ya halmashauri na mkandarasi wake. Kazi ya kuzoa taka ni wajibu wa halmashauri, hata kama imeikodisha.

Akijibiwa vibaya, yupo mchunguzi wa malalamiko dhidi ya serikali za mitaa Uingereza, ambaye ofisi yake ilitokana na sheria ya mwaka 1974. Wasikilizaji wa Tanzania watakumbuka Tume yetu ya Kudumu ya Uchunguzi iliyoanza mwaka 1966, ambayo kazi zake zilirithiwa mwaka 2001 na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Lakini mchunguzi yule hutazama zaidi jinsi lalamiko lilivyoshughulikiwa. Suala la nani alipe mara nyingi huachiwa mahakama, na kule England yapo madai madogo ya hadi pauni 10,000 ambayo mtu anaweza kuyaendesha bila wakili.

Ndugu wasikilizaji, kuchambua taka ni jambo jema, na miji yetu nayo inahimizwa kuelekea huko. Lakini utaratibu unaompa mtumishi wa umma haki ya kuchukua kitu mlangoni pa mtu lazima uje na njia ya kukirudisha au kukilipa anapokosea. Wazoaji wapewe maagizo ya wazi: kisicho ndani ya pipa, na kisichoonekana dhahiri kuwa taka, kiachwe. Simu ya malalamiko ipokelewe na mtu mwenye uwezo wa kulisimamisha gari kabla halijamwaga. Hayo hayahitaji fedha nyingi.

Msemo wa wahenga ulitufundisha kuwa macho na mali zetu, na kwa hilo tunawashukuru. Haukukusudiwa kuwa kinga ya ofisi. Asiyekuwapo mlangoni saa moja asubuhi, lake bado lipo, na bado ni lake.