Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Ndugu wanakisomo,

Leo tuzungumze juu ya chakula bora. Wengi wetu tukisikia maneno hayo tunafikiria nyama, mayai na maziwa ya kopo. Halafu tunasema, "Aa, hivyo ni vyakula vya wenye fedha." Basi, mazungumzo yamekwisha. Tusiyamalize upesi namna hiyo.

Mwaka 1975 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa "Chakula ni Uhai". Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza, wakajadili. Kazi ile bado haijaisha. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu watoto 3 katika kila 10 wenye umri chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake. Huugua upesi, na masomo huweza kumpa taabu.

Sasa sikilizeni ajabu. Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayovuna mahindi mengi. Lakini ilikuwa miongoni mwa mikoa yenye udumavu mkubwa kabisa! Kwa nini? Sababu ni nyingi. Yako magonjwa, yako maji machafu, wako akina mama wanaozidiwa na kazi. Lakini sababu mojawapo iko sahanini. Ugali peke yake hushibisha tumbo, haujengi mwili.

Tufanye nini bila kutumia fedha nyingi?

Kwanza, tule dona. Tukikoboa mahindi, kiini na ganda huenda na pumba, na huko ndiko viliko vitamini na mafuta yake mengi. Tena mashineni tunalipa mara mbili: kukoboa na kusaga. Dona hailipiwi kukoboa, na unga unakuwa mwingi zaidi. Ila haikai muda mrefu, kwa hiyo tusage kidogo kidogo.

Pili, tupande kunde au maharage katikati ya mahindi. Majani ya kunde ni mboga, mbegu zake hujenga mwili. Mizizi ina vinundu vyenye vijidudu vinavyochukua naitrojeni hewani, nayo ni mbolea. Shamba linakula, nasi tunakula. Wazee walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Sisi tulio mbali na bahari tuseme: mgaagaa na shamba hali ugali mkavu.

Tatu, na hili ndilo gumu, tusiuze yote. Wakati wa mavuno bei iko chini. Mchuuzi anakuja, baba anapakia magunia yote, fedha zinaingia mfukoni. Baada ya miezi michache mama anakwenda dukani kununua maharage kwa bei ya juu. Pengine ni yale yale aliyoyapalilia! Fedha zikikosekana, watoto wanakula ugali kwa chumvi.

Basi kabla mchuuzi hajafika, baba na mama wakae pamoja na karatasi na kalamu. Nyumba inayopika kilo 3 za maharage kwa wiki, kwa wiki 26 inahitaji kilo 78. Kilo hizo ziwekwe kando kwanza. Zinazobaki ndizo za kuuza. Hesabu tulizojifunza kisomoni ni za kazi kama hii.

Maharage yakaushwe vizuri juani. Yatiwe katika mfuko wa plastiki, huo utiwe katika mfuko wa plastiki wa pili, kisha katika gunia. Kila mfuko ufungwe barabara. Wadudu wakikosa hewa hufa, na maharage hayabunguliwi.

Ndugu zangu, mtoto hali bei ya mazao. Anakula kilichobaki nyumbani.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Nyumba yako hupika kilo ngapi za maharage au kunde kwa wiki?
2. Msimu uliopita mliweka kilo ngapi?
3. Nani aliamua kiasi cha kuuza? Je, mama aliulizwa?