Wikendi ya Pasaka Ndani ya Ramadhan: Nasaha kwa Wanaokwenda Kusoma Ng'ambo

(Hotuba ya mwanafunzi wa chuo kikuu katika futari ya vijana)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Amma baad.

Masheikh wetu, maalim zetu, mama zetu na ndugu zangu vijana. Nimeombwa niseme machache na wanaojiandaa kwenda kusoma ng'ambo. Mambo ya viza na karo mtaambiwa na wengine. Mimi nataka kuzungumzia jambo ambalo hakuna anayekuambia siku ya kukusindikiza uwanja wa ndege: zile siku za mapumziko, chuo kimefungwa, wenzako wamekwenda kwao, na wewe umebaki na kuta nne.

Kule Uingereza Pasaka ni siku nne, kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu. Mwaka 2023 na mwaka 2024 siku hizo ziliangukia ndani ya Ramadhan. Mwaka 2024 Ijumaa Kuu ilikuwa Machi 29, na kumi la mwisho lilikuwa linabisha hodi. Sasa fikiria: bweni kimya, mkahawa umefungwa, unafuturu tende tatu mbele ya kompyuta. Daku peke yako, tarawehe peke yako. Ndugu zangu, ni kweli shetani hufungwa mwezi huu, lakini upweke haufungwi. Ukikaa nao siku nne unaanza kujiuliza, kwani nikila nani ataniona?

Sisi tulikuwa wanne mjini Manchester: mimi wa Mombasa, mmoja wa Garissa, mmoja wa Nigeria na mmoja wa Malaysia. Rafiki yetu mwengine alikuwa akisoma Liverpool, nyumba ya wanafunzi imebaki tupu. Akasema njooni nyote. Tukaenda.

Kwenye stesheni tu mjadala ukaanza. Mmoja wetu akasema, "Si tuko safarini? Tufungue basi." Alisema kwa mzaha, lakini mzaha mwengine una ukweli ndani yake. Yule wa Garissa akamjibu taratibu: kwa sisi Mashafi, safari ya kupunguza swala na kufungua saumu ni marhala mbili, ambazo wanazuoni wa leo wanazikadiria kilomita 80 na kitu. Manchester hadi Liverpool ni kilomita 50 na ushei. Wa Nigeria, yeye ni Maliki, akasema hata kwao haifiki. Basi tukabaki na saumu zetu. Hapo nikaona faida ya yale mabaraza ya madrasa tuliyokuwa tukisinziasinzia. Ruhusa ya Allah ni rehma, lakini lazima ujue mlango wake uko wapi.

Jioni kila mtu akaingia jikoni na cha kwao. Mmalaysia akapika wali wa tui, na mimi nikacheka, maana ulikuwa wali wetu wa nazi kabisa! Mimi nikaleta mbaazi, tui la kopo, lakini tutafanyaje. Baada ya kufuturu tukaenda tarawehe pamoja.

Jumamosi ikatokea jambo. Jirani yetu, Muingereza, Mkristo, alibisha mlango kutukumbusha: usiku ule, ikifika saa saba, saa zote za Uingereza zinasogezwa mbele saa moja. Yeye alikuwa akiogopa kuchelewa kanisani, akawaza na sisi pia. Simu hujibadilisha yenyewe, lakini saa ya ukutani jikoni haikubadilika. Aliyekula daku kwa kuitegemea hiyo angekula baada ya alfajiri na huku anajiona yuko sawa. Magharibi nayo ikaruka kutoka saa kumi na mbili na dakika arubaini na kitu mpaka saa moja na dakika arubaini na kitu. Kwa hivyo ujirani mwema hauna dini moja, na ukifanyiwa wema, rudisha. Sisi tulimpelekea sambusa.

Jumapili tulikwenda Brougham Terrace. Hapo ndipo Sheikh Abdullah Quilliam, wakili wa Liverpool aliyesilimu baada ya kuzuru Morocco mwaka 1887, alipofungua msikiti siku ya Krismasi mwaka 1889. Siku hiyo ya sikukuu ya wengine, Waislamu wachache wale waliwalisha watoto maskini wa mji. Lakini sikilizeni yaliyofuata. Alipoondoka mwaka 1908, jamaa ikatawanyika, na nyumba ile ikaja kuwa ofisi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, hadi Waislamu walipoirudisha karne hii. Msikiti haukubomolewa na adui. Ulikosa watu wa kukaa pamoja.

Tukiwa njiani kurudi, yule wa mzaha wa stesheni akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilikuwa nimechoka kufunga peke yangu." Hakuna aliyemhutubia. Tuliwekeana zamu ya kupigiana simu saa ya daku, basi. Siwaambii alibadilika usiku mmoja. Lakini aliimaliza Ramadhan pamoja nasi.

Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa mtu hufuata mwenendo wa rafiki yake. Kwa hivyo wewe unayesafiri, kabla hujatafuta kitanda, tafuta watu wa kuswali nao. Angalia kalenda mapema, jua sikukuu zitaangukia lini, na usingoje kualikwa. Alika wewe.

Na nyinyi mliobaki, wazazi wetu hasa, msidhani ugeni uko Ulaya tu. Hapa kwetu pia Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni mapumziko, na vyuo vyetu vina watoto wa Moyale, Wajir na Lodwar wasio na nauli ya kurudi kwao siku nne. Ramadhan ikikutana na likizo, waulizeni vijana wenu: ni nani amebaki bwenini? Sahani moja zaidi haitawaangusha.

Allah atutakabalie saumu zetu, awahifadhi walio mbali, na awarudishe salama na dini zao. Amin.

Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.