Nani Atatembea Naye?

Msikilizaji, tangazo la juma hili juu ya upasuaji wa kupunguza unene umelisikia, na aliyelikosa redioni hapana shaka alilipata kibarazani au ndani ya daladala ya Buguruni, kwa hiyo hatutapoteza wasaa wako kulikariri. Kwamba matabibu wa hapa nyumbani, pale hospitali ya Mloganzila, sasa humwekea mtu puto tumboni au humpunguza mfuko wa tumbo bila ya mgonjwa kupanda ndege kwenda India, ni jambo la kushukuriwa, nasi twalishukuru. Kinachotutia wasiwasi si kisu. Kinachotutia wasiwasi ni siku ya arubaini baada ya kisu, pale mgonjwa, akiwa amekwisha ruhusiwa, ameketi kitandani kwake Gerezani au Ilala Bungoni, mkononi ana karatasi iliyoandikwa neno moja tu, mazoezi, wala karatasi haikumwambia atembee wapi, wala haikumwambia nani atatembea naye.

Nani atatembea naye? Utuwie radhi tukilirudia swali hili mara nyingi asubuhi ya leo. Tuliyasikia ya vifaa, tuliyasikia ya gharama, tuliyasikia ya kilo zitakazopungua, hili hatukulisikia.

Yafaa ifahamike kwamba tabibu, katika upasuaji wa namna hii unaofanywa zaidi duniani siku hizi, huondoa kiasi cha robo tatu au zaidi ya mfuko wa tumbo akabakiza sehemu nyembamba mithili ya ndizi, na kwamba puto, ambalo halihitaji kisu, hukaa kwa miezi kisha likatolewa. Katika hali zote mbili njaa hupungua, kilo hushuka, na pamoja na mafuta huondoka pia nyama ya misuli, ambayo hairudi kwa mtu aliyeketi. Waswidi, waliowafuatilia watu wao tangu mwaka 1987, kiasi cha 2,000 waliopasuliwa na 2,000 wasiopasuliwa, waliona kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliopasuliwa, na hiyo ni sifa kubwa kwa kisu. Lakini waliona pia kwamba uzito hufika chini kabisa katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha sehemu yake hurejea kidogo kidogo kama mpangaji aliyesahau mzigo. Huko Marekani nako wataalamu waliwafunga wagonjwa vipima mwendo, na wengi waliosema kwa unyofu kabisa kwamba tangu wapasuliwe wamekuwa watu wa mazoezi, chombo kiliwashuhudia vingine. Hawakuwa waongo. Mtu aliyepungua kilo 30 hujihisi anakwenda mbio hata akiwa ameketi.

Sasa tumtazame, kwa mfano, mwanamke mwenye duka la vitenge mtaa wa Narung'ombe, ambaye kwa miaka ishirini ameketi juu ya kiti kilekile toka asubuhi hadi magharibi, chai inamjia, wali wa mama ntilie unamjia, wateja wanamjia. Unene wake haukuwa aibu hapo mwanzo. Sisi watu wa pwani tuliuita kunawiri, tukasema ndoa imemkubali na biashara imemkubali, hata siku shinikizo la damu na kisukari vilipobisha hodi, ndipo ulimwengu ukageuka, akaitwa bonge, na vijana wa bodaboda wakamtaka alipe nauli ya watu wawili. Akaenda hospitali, akapungua. Je, mtaa ulimwacha? Haukumwacha. Mtaa ule ule uliomwita bonge mwezi wa Rajabu, ilipofika Mfunguo Mosi ulimwona mashavu yamebonyea, ukaanza kunong'ona kwamba amekanyaga miwaya, na jirani zake wakawa wanamwamkia kwa sauti ya matangani. Mtu wa namna hii, mwambie atoke saa kumi na mbili asubuhi, avae raba chini ya dera, afuate barabara ya Uhuru kutoka Mnazi Mmoja hadi Ilala Boma mbele ya kadamnasi hiyo hiyo! Hatatoka. Atasema goti linauma, na pengine linauma kweli, atasema mvua, atasema dukani hakuna mtu. Na mfuko wa tumbo, ambao ndio uliogharimiwa, hauna habari na lolote kati ya hayo.

Hapo ndipo anapohitajika mwanasaikolojia, au walau mshauri nasaha aliyefunzwa jambo hili, na kazi yake si kuhubiri, maana mahubiri mgonjwa alikwisha kuyasikia hata yakamchosha. Kazi yake ni kumwuliza anaogopa nini na kumsikiliza mpaka mwisho, kupatana naye juu ya dakika kumi za leo badala ya saa nzima ya kesho, kumzoesha daftari la siku alizotoka na siku alizoshindwa, na kupanga naye mapema atafanya nini masika yakinyesha au mtu akimcheka, ili siku moja ya kushindwa isije ikawa mwezi. Shirika la Afya Duniani limeweka kwa mtu mzima walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, ambazo ukizigawa ni dakika ishirini na kitu kwa siku, muda ambao wengi wetu huupoteza kituoni tukingoja basi. Lakini litaje neno la afya ya akili mbele ya watu wetu uone: kwani mimi nimekuwa wa Mirembe?

Nchi hii haiwezi kusema haiyajui hayo. Ulipoanza mpango wa taifa wa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI mwaka 2004, ilikuwa imekwisha dhihirika kwamba kidonge peke yake hakimtoshi mtu. Ndipo mshauri akakaa na mgonjwa kabla ya kipimo na baada ya kipimo, na baadaye wakaja WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na virusi wao wenyewe, wakakaa vituoni kuwapokea wageni, wakawafuata majumbani waliopotea, wakawaambia mimi nami nilipita hapa. Kwa nini basi aliyepunguzwa tumbo asipewe mwenziwe aliyetangulia kupunguzwa? Profesa Mohamed Janabi, alipokuwa akiiongoza hospitali ya Muhimbili, kabla hajachaguliwa mwaka 2025 kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, aliifundisha nchi nzima kuhesabu milo na kuogopa soda, watu wakimtania hadharani huku wakipunguza sukari kimya kimya. Wa kutufundisha kwa bidii ile namna ya kumtoa mtu mwenye haya nje ya mlango wake, bado twamngoja.

Na akishatoka, apite wapi? Hapa twarudi kwenye kilio chetu cha zamani, wala hatuombi radhi. Mtaa wa Kongo hauna nafasi ya kuweka mguu. Uhuru nayo, kando zake zote, ni viatu vya mitumba, majiko ya chipsi na pikipiki zilizopandishwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, hata mwenye goti la mashaka hulazimika kushuka barabarani akasukumane na Bajaji. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2021 ndiyo Ilala yenyewe, imeyasikia haya kutoka kwetu zaidi ya mara moja. Hatusemi machinga afukuzwe. Machinga naye ana watoto. Twasema hatua mbili za upana. Hatua mbili!

Mwishoni mwa mwaka 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, na vikundi vya jogging vimeshamiri, fulana za rangi moja, nyimbo na filimbi alfajiri. Vyapendeza. Lakini kikundi hupita mbio, na aliye nyuma hubaki nyuma peke yake, akitazamwa na wanywa kahawa.

Basi enyi viongozi wa vikundi vya Ilala, wekeni watu wawili wa mkiani, ambao kazi yao ni kwenda polepole! Enyi matabibu, msimruhusu mgonjwa mpaka mmemwandikia jina la mtu wa kutembea naye! Enyi wenye kupanga gharama, mshauri na atiwe ndani ya hesabu ile ile ya kisu, tena kwa miaka, si kwa juma moja! Nanyi wa Jiji, hatua mbili, hatua mbili tu! Na wewe msikilizaji, ambaye jirani yako amejifungia ndani tangu atoke hospitali, mpigie simu leo hii, mwambie kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi utakuwa mlangoni kwake umevaa raba, na ukifika, usimwulize kilo.