Wavuvi Wanaohesabu Wadudu

Sumu ikiingia mtoni, wadudu wa majini mara nyingi hufa kabla ya samaki. Ndiyo maana wavuvi wa ndoano nchini Uingereza hufundishwa kuwahesabu. Huingia mtoni na wavu, huchokoa changarawe kwa miguu kwa dakika 3, kisha huhesabu wadudu walionaswa. Idadi ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, huiarifu Mamlaka ya Mazingira.

Julai 2013, katika mto Kennet, karibu na Marlborough, walikuta wadudu karibu wote wametoweka. Wakaripoti haraka. Maofisa walipopima maji walikuta klorpirifosi, dawa ya kuua wadudu iliyopitia mfumo wa majitaka. Kiasi kidogo mno kilitosha kuwaua! Tafadhali, mabaki ya dawa hizi usiyamwage kwenye sinki wala mtaroni.